Wake wa Waliorudi

Azzan bin Humoud alipoanza kulala nje juu ya pikapu yake, alimwambia mkewe kwamba anailinda. Ibra, Oman, mwaka ule wa sabini na sita, ilikuwa mji ambao mtu aliweza kusahau kilemba chake msikitini Ijumaa hii, akakikuta palepale Ijumaa ijayo, tena kimekunjwa vizuri kuliko alivyokiacha. Nani wa kuiba pikapu? Rahila hakuuliza. Alimpelekea mto na shuka, akarudi kulala na binti yao Shukriya, na usingizi ukamkataa.

Alijua tu kwamba mambo yalibadilika tangu siku ami Marzouq alipokuja kunywa kahawa. Walikuwa hawajatimiza mwaka tangu wafike kutoka Tabora, na Azzan alikuwa anatafuta barua ya sheikh wa kabila, yenye kusema kwamba huyu ni mwenzetu, baba yake tunamjua na babu yake tunamjua. Bila barua ile hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna kazi ya serikali, wala Shukriya hana shule ya maana. Azzan angebaki kuwabebea watu mbuzi kati ya Ibra na Sinaw mpaka mgongo umpinde. Na njia ya kumfikia sheikh ilipita kwa Marzouq, binamu wa marehemu Humoud, mzee mkavu aliyeuza kahawa Unguja miaka sita ya ujana wake, na Kiswahili chake alikuwa bado anacho.

Siku ile Rahila alimmiminia kahawa kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa.

"Wewe bibi," Marzouq alisema, "baba yako nani?"

Azzan alikohoa. Rahila hakuelewa kikohozi kile kinamwambia nini, au labda alielewa.

"Yohana Maganga, wa Tabora."

"Yohana?"

"Alikuwa mwinjilisti, ami. Mimi nilisilimu kabla ya ndoa. Wakati ule nikiitwa Raheli."

Mgeni wa Ibra akitosheka na kahawa hukitikisa kikombe, mwenyeji akajua asimwongeze. Marzouq hakukitikisa. Alikiweka kwenye sinia kikiwa kimejaa, hajakigusa kwa mdomo, kisha akamgeukia Azzan na kuzungumza Kiarabu cha haraka. Katika maneno yote yale Rahila alishika moja tu, lililorudi na kurudi: *asli*. Alikimwaga kikombe kile jikoni huku masikio yanamwaka moto. Siku ya pili yake Azzan akahamia juu ya pikapu.

Siku hizo zilikuwa zimetimia sitini na tatu. Rahila alikuwa amezihesabu.

*

Kila Alkhamisi, wanaume wakiwa wamekwenda mnadani Sinaw, wanawake waliorudi kutoka Afrika walikusanyika kwa Bi Khole kusoma darsa. Bi Khole alikuwa mtu wa Unguja mjini, ametimiza miaka sitini na mitatu, mjane mwenye ulimi mkali na moyo mlaini. Alikuta kina mama wengi waliporudi wamesahau hata du'a za udhu, na watoto wao hawajui alifu wala be. Hakuwacheka. Alitandika mikeka ukumbini, akaweka birika la chai, akasema kila mtu aanze alipoachia. Sasa walikuwa wanawake ishirini na wawili, na wengine walikuwa wamerejea kufunga Jumatatu na Alkhamisi, jambo ambalo huko walikotoka walilifanya bibi zao tu.

Wenyeji wa Ibra waliwaita wote kwa jina moja, Zanjibari, awe mtu katoka Pemba au Bujumbura. Wao kwa wao walijua kupambanuana vizuri sana. Ghaniya, mke wa mwenye duka la vitambaa, alicheka rafudhi ya Rahila kila alipofungua mdomo, halafu akamwambia, "Sikucheki wewe, bibi, nacheka nafsi yangu." Rahila alikaa karibu na mlango, penye viatu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye kamba yake aliijua urefu wake.

Alkhamisi ile Bi Khole alifunga msahafu akasema leo atawapa kisa.

"Walikuwepo Bani Israili," alianza, "na mji wao, na msikiti wao mkubwa. Akaja mfalme Bukht Nasar akauvunja ule mji, akawachukua watu wazima wazima mpaka Babil. Wakakaa huko miaka sabini. Wakazaa huko, wakajenga huko, lugha ya wazee wao ikawapotea midomoni. Hebu niambieni, hamwajui watu hao?"

"Twawajua!" wanawake waliitikia, wengine wakicheka.

"Basi Mwenyezi Mungu akawarejesha. Wakarudi, lakini walipofika wakakuta magofu, na wenyeji hawawataki. Ndipo akaja Uzair. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinihadithia kwamba aliwakusanya uwanjani, wake kwa waume, akapanda juu ya mbao akawasomea ile Taurati waliyoisahau. Akasoma tangu asubuhi mpaka adhuhuri wamesimama wima. Basi mnajua walifanya nini?"

Wanawake waliinua nyuso.

"Walilia. Umma mzima ulilia, maana kila linalosomwa wanajikuta wamelivunja. Uzair akawaambia msilie leo. Nendeni mkale vinono, mnywe vitamu, na asiye na kitu mpelekeeni fungu lake."

Ghaniya alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso. Wengine nao walilia, kwani kila mmoja alikuwa na nyumba yake iliyobaki ng'ambo na kaburi lake asilolizuru. Rahila peke yake hakulia. Kisa kile alikijua. Alikijua tangu ana miaka kumi, kutoka kitabu cha baba yake, na alijua kwamba Bi Khole amefika nusu tu.

*

Wenzake walipotawanyika alibaki kuosha vikombe. Bi Khole akamwambia aache, akakataa. Alisugua kikombe kimoja mpaka Bi Khole akakinyang'anya mkononi.

"Una nini, mwanangu?"

"Kile kisa, Bi Khole. Hakiishii pale."

"Chaishia wapi?"

Rahila alieleza akiitazama sakafu. Watu walipokwisha kulia na kula, wakubwa wao walisema Mungu bado amekasirika. Wakatafuta sababu, wakaiona majumbani mwao: wanaume wengi walikuwa wameoa wanawake wa makabila mengine. Ikapigwa mbiu watu wote wakutane Yerusalemu ndani ya siku tatu. Wakaja, wakaketi uwanjani mvua kubwa ikiwanyeshea, wanatetemeka kwa mvua na kwa khofu. Wakakubaliana kuwaacha wake hao pamoja na watoto wao. Kazi hiyo ya kuchunguza nyumba moja moja ilichukua miezi mitatu.

"Pamoja na watoto?"

"Pamoja na watoto. Baba alikuwa akitusomea kila jioni. Alipofika hapo alisoma mbio mbio, akafunga kitabu. Nikamuuliza, hao wanawake walikwenda wapi? Akanambia nenda kachote maji."

Bi Khole alivuta mkeka akakaa, akiwa ameshika kiuno.

"Wote walikubali?"

"Walipinga watu wanne. Majina yao yameandikwa."

"Wanne. Katika kaumu nzima." Alikunja vidole vinne, kimoja kimoja. "Watu waliofukuzwa wana khofu, Rahila. Wakirudi kwao hawasadiki kama wamerudi. Basi hutafuta wa kumfukuza, wapate kujiona wao ndo wenyeji. Baba yangu kanificha hiyo nusu, au naye alifichwa."

"Mimi naogopa, Bi Khole."

"Una haki ya kuogopa. Kaa hapa. Nilikuwa natafuta tangu jana mlango wa kukwambia, na mlango umeufungua wewe." Alimshika mkono. "Mwanangu Abdullatif kanambia jana, roho inamsuta. Mumeo kakuacha. Talaka moja, ya karatasi, mbele ya Marzouq, na Abdullatif ni shahidi mmojawapo. Mwezi wa pili sasa umepita."

Rahila alisikia maneno, na maana yake ikachelewa kufika. Alifikiria kwanza kwamba juzi amemfulia Azzan kanzu tatu. Halafu akafikiria Shukriya.

"Mtoto wangu," alisema.

"Tulia. Ni talaka rejea, haijakatika. Akitaka, husema mbele ya mashahidi wawili, nimemrejea, basi ndoa yenu ile ile. Lakini awahi kabla eda haijesha. Umeona damu mara ngapi tangu siku ile?"

"Mara mbili."

"Basi inabaki moja. Ukiiona ya tatu, siku utakayosafika ukakoga, ushatoka mkononi mwake. Na hilo la lini, hapana mwanamume wala kadhi anayelijua. Mwanamke husadikiwa katika eda yake. Marzouq hana habari nalo, wala mumeo."

*

Azzan alikuwa amefungua boneti, anapuliza vumbi kwenye chujio la hewa. Jua lilikuwa linakwenda kuzama na kina mama wa jirani walikuwa wanaita watoto. Rahila alisimama hatua tatu mbali naye. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na sasa hakujua asimame wapi.

"Umeniacha, Azzan?"

Hakuuliza nani kamwambia. Aliweka chujio juu ya tairi.

"Kwa karatasi tu."

"Na Mungu hajui kusoma karatasi?"

"Rahila, nisikilize. Ami alisema sheikh hatii saini kwa mtu mwenye mke asiyejulikana asli yake. Nikafikiri, mimi naandika leo, kesho napewa barua, keshokutwa nakurejea. Hakuna atakayejua. Nikaandika. Ami akaikunja barua ya sheikh, imeshatiwa saini, akaitia kiunoni mwake, chini ya mkanda wa jambia, akasema, utaipata eda ikimalizika."

Mjanja alikuwa amepata mjanja wake. Azzan alisema haya huku machozi yanamtoka, na Rahila, ambaye hajawahi kumwona akilia hata siku walipomzika Humoud, aliona huruma, kisha akaichukia ile huruma.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Mimi nilikuwa nikikupikia. Nikikuletea mto."

"Ndo maana nikahamia huku. Nisije nikakugusa kabla sijakurejea, nikakuharibia zaidi." Alijifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akajipaka mstari mweusi shavuni. "Miezi mitatu haijatimia. Zimebaki siku ishirini na tano. Mimi nazihesabu."

"Eda haihesabiwi kwa mwezi wa mbinguni."

"Ami kasema miezi mitatu."

"Ami yako anaingia hedhi?"

Maneno yalimtoka kabla hajayaona. Azzan aliangalia huku na huku kama wamesikiwa, uso umemwiva kwa haya. Wanaume wa ukoo ule mambo hayo hawakuyataja hata kwa fumbo, na ndivyo walivyoweza kuhesabu kitu wasichokijua.

"Nirejee leo," Rahila alisema. "Abdullatif yupo, mtafute wa pili."

"Nikikurejea leo, kesho Ibra nzima inajua. Barua itachanwa. Tutakula nini? Shukriya atasoma wapi? Nipe siku chache, nitaipata kwa hila nyingine."

"Siku chache ngapi?"

Alifunga boneti. Ilimbidi aibamize mara mbili, maana kufuli yake ilikuwa mbovu.

Siku zile Rahila alizipanga khofu zake moja moja. Karatasi zake zote zilikuwa chini ya jina la Azzan. Mwanamke aliyeachwa, asiye na ndugu hata mmoja Oman nzima, angepandishwa ndege arudi alikotoka. Tabora ndugu zake walikuwa hawamwandikii tangu asilimu. Na Shukriya angebaki, kwa kuwa mtoto ni wa kwa baba yake. Angemea hapa, asahau sauti ya mama yake, na mtu akimuuliza angesema mama alikuwa wa bara. Alifikiri hivyo akikanda unga, na mikono ikasimama kwenye unga.

Jumapili damu ikaja.

*

Alkhamisi asubuhi, jua limeshatoka, alijikuta safi.

Azzan alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Sinaw na Marzouq na mbuzi kumi na wanne wa Marzouq. Rahila alikwenda kwa Bi Khole mbio, bila hata ya kufunga mlango. Bi Khole alimwamsha mwanawe, akampakia kwenye gari la mfanyabiashara wa kondoo. Abdullatif akaambiwa maneno machache asiyasahau: leo, kabla ya alasiri, Azzan aje na shahidi wa pili. Kisha Bi Khole akaahirisha darsa, akavaa buibui lake la nje, akaja kukaa na Rahila.

"Usikoge kwanza," alisema. "Adhuhuri ikiingia una nafasi mpaka kukaribia alasiri. Kuipitisha sala makusudi ili umngoje mwanamume, hilo sikwambii ufanye."

"Akichelewa?"

"Sinaw si Makka. Atafika."

Shukriya alipandishwa darini. Alikuwa na miaka tisa na alipenda kazi zinazomweka juu.

"Mama, natazama nini?"

"Vumbi la gari la baba."

Saa tano ikapita. Adhuhuri ikaadhiniwa. Bi Khole alikwenda kusali chumba cha pili, akarudi, akakuta Rahila hajasogea. Njia ya Sinaw ilikuwa ya changarawe, saa mbili kwa gari zima. Saa saba ikafika. Shukriya aliona vumbi mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa lori la maji.

Rahila alikuwa akiwaza jambo, na jambo lenyewe lilikuwa jepesi mno. Nani atamchungulia? Angesema bado hajasafika. Angesema kesho, au keshokutwa. Bi Khole asingempinga. Angepata siku mbili zaidi, na siku mbili zingemwokoa.

Lakini akisema bado, hatosali adhuhuri, wala alasiri, wala kesho. Naye katika mji ule wote, mahali pamoja tu ambapo hakuulizwa baba yake ni nani palikuwa juu ya mswala. Aliingia Uislamu kwa ajili ya Azzan kwanza na kwa ajili ya Mungu baadaye, kwa mpangilio huo, na hakuwahi kujidanganya juu yake. Ni hapa, kwenye mikeka ya Bi Khole, karibu na viatu, ndipo mpangilio ulipogeuka. Aliogopa kumpoteza mtoto wake kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, na aliogopa pia kusimama mbele ya Mungu na uongo wa namna hiyo. Khofu mbili zilimvuta huku na huku.

Saa tisa kasorobo aliinuka akachukua ndoo, khanga kavu na sabuni.

"Rahila," Bi Khole alisema.

"Sala inatoka."

Falaji, mfereji wa maji wa mji, ilipita nyuma ya nyumba, na kina mama walikuwa na kijumba chao cha kuogea juu ya maji. Hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa vuguvugu kwa joto la siku. Alitia nia. Alijimwagia kichwani, bega la kulia, bega la kushoto, akaacha maji yafike kila mahali, na huku analia kwa sauti kwa kuwa pale hakuna wa kumsikia. Alipotoka alikuwa si mke wa mtu. Alirudi ndani akasali adhuhuri yake rakaa nne, na alipotoa salamu Shukriya akapiga kelele darini.

"Baba! Baba huyo!"

Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza pale Azzan alipoingia, vumbi mpaka kwenye kope, na Abdullatif nyuma yake, na kijana mmoja wa mnadani aitwaye Thabit. Hakutoa salamu.

"Shuhudieni! Nimemrejea mke wangu Rahila! Nimemrejea!"

Maji yalikuwa yanamtona Rahila kutoka chini ya ushungi, yakilowesha bega la kanzu. Azzan aliyaona. Alitazama bega, akatazama ndoo mlangoni.

"Umekoga?"

"Nimekoga."

"Lini?"

"Sasa hivi. Abdullatif alikufikia saa ngapi?"

Abdullatif ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Saa nne."

"Saa nne," Rahila alirudia. "Na sasa ni alasiri."

"Nilimwambia ami eda inakwisha leo," Azzan alisema haraka haraka. "Akasema atanipa barua akimaliza kuuza mbuzi wake. Wakabaki wawili, hawauziki. Ningefanyaje? Nikangoja. Lakini nimeipata, Rahila. Tazama, nimeipata!" Aliitoa mfukoni, karatasi yenye muhuri, akaikunjua mbele yake kama mtu aliyeleta zawadi. Rahila hakuinyoshea mkono. Azzan akashusha sauti. "Nani kakuona ukikoga?"

"Hakuna."

"Basi sema hujakoga. Maji tu hayo. Sema bado, na hawa mashahidi wapo. Ami nimemteremsha kwake, hajui kama nakurejea. Tunayo barua na tunayo ndoa."

Thabit aliinamisha kichwa. "Wallahi mimi nina vumbi masikioni," alisema, "sijasikia lolote." Alikuwa kijana mwema. Abdullatif naye alitazama dari. Rahila akamtazama Bi Khole, na Bi Khole, mwenye jibu kwa kila swali, alikuwa anachezea tasbihi yake. Wote walikuwa tayari. Walikuwa wanamngoja yeye aseme neno moja, *bado*, wapate kwenda zao kusali. Mwanamke husadikiwa.

Shukriya alikuwa ameshuka ngazi, amesimama na kidole mdomoni.

"Imekwisha," Rahila alisema. "Eda yangu imekwisha. Mimi si mkeo, Azzan, na leo usilale hata juu ya hilo gari mlangoni pangu."

"Niende wapi, Rahila? Wewe mwenyewe utakwenda wapi?"

"Sijui. Ninaogopa, kama unataka kujua. Lakini wewe uliniacha kwa kujificha, na sasa unataka kunirudia kwa kujificha. Kama unanitaka, nipose. Ndoa mpya, mahari mpya, mchana, mbele ya kadhi, na jina la baba yangu lisomwe kama lilivyo."

"Ami atajua."

"Ami aalikwe."

Azzan alishika paji la uso. Alitazama barua, akamtazama binti yake, na Rahila aliona kwenye uso ule kila kitu kikipita: kazi, shule, mbuzi wa watu, mgongo. Mwisho akamgeukia Bi Khole, sauti imemkauka.

"Bi Khole. Basi mimi... nimekuja kuposa."

Bi Khole aliweka tasbihi chini. Alijitengeneza buibui, akakaa wima kama mtu mwenye binti ndani.

"Umekuja na nani?"

"Hawa hapa. Abdullatif, na Thabit."

"Vijana wa mnadani? Posa haiji hivyo, yakhe, hata kwetu Unguja, hata kwenu huku. Mposaji huja na mzee wake, akakaa hapo, akanywa kahawa yetu, akasema kwa mdomo wake anataka nini. Mzee wako hapa Ibra nani?"

Azzan alitazama mlangoni.

"Si yupo nyumba ya tatu hapo?" Bi Khole alisema. "Kamlete. Na mwambie mwenye kuposwa ni Rahila binti Yohana."

Azzan aliikunja barua mara moja, mara mbili. Hakuirudisha mfukoni, aliishika tu mkononi. Kisha akavaa ndara zake akatoka.

"Baba anakwenda wapi?" Shukriya aliuliza.

Rahila alikuwa ameegemea kizingiti, anasikiliza. Ndara zilifika kwenye pikapu, naye akangoja mlango wa gari ufunguliwe. Haukufunguliwa. Zikapita nyumba ya kwanza. Zikapita ya pili. Zikasimama, zikakaa kimya muda mrefu sana, mpaka Rahila akafumba macho na kumvuta mtoto wake kifuani.

Kisha mlango wa Marzouq ukagongwa.